Kuzibua Kichwa cha Printa ya Mabango

Mtu apitaye katika barabara za Musoma au Bunda siku hizi huona mabango kila upande: mabango ya maduka, ya mikutano, ya harusi na ya mahafali ya shule. Na kila mwaka inapokaribia tarehe 14 Oktoba, siku ya kumkumbuka Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki mwaka 1999 na kuzikwa kwao Butiama, huwapo watu watakao mabango ya siku hiyo. Zamani kazi ya namna hii ilifanywa kwa brashi na mafundi wa rangi. Siku hizi mabango mengi hupigwa chapa kwa printa kubwa, yenye upana wa meta moja na nusu au zaidi, ambayo hurusha wino juu ya plastiki.

Bango lina tabia moja isiyobadilika, nayo ni kwamba lina tarehe yake. Bango la mahafali likitoka siku ya pili baada ya mahafali, halina kazi tena, na mwenye kuliagiza hatalilipia. Kwa sababu hiyo, printa inapoanza kutoa mistari myeupe katikati ya picha, fundi hushikwa na haraka. Husafisha, husafisha tena, hupiga bomba kwa nguvu, na mara nyingi huua kichwa ambacho kingeweza kupona. Kichwa kipya bei yake huanzia laki kadhaa za shilingi na kwa aina nyingine hufika milioni kadhaa; tena aghalabu hapana budi kukiagiza kutoka Mwanza au Dar es Salaam, na siku zinapita.

Katika makala haya nataka kueleza jinsi kichwa kinavyoziba, na jinsi ya kukizibua bila kukiharibu. Neno kubwa la kushika ni hili: kabla ya kusafisha kichwa, jua kwanza wino umekwama wapi. Mambo mengi yatakayotajwa humu si mageni kwa mwanafunzi, maana ni yale yale tunayofundishwa katika Fizikia na Kemia.

KICHWA NI KITU GANI?

Kichwa, ambacho mafundi wengi hukiita hedi, ndicho sehemu ya printa itupayo wino. Hutembea huku na huku juu ya plastiki, nacho kina matundu madogo mno upande wa chini. Mathalani, kichwa cha Epson kiitwacho DX5, ambacho kimetumika sana katika printa hizi, kina safu 8, na kila safu ina matundu 180. Jumla yake ni matundu 1,440. Kichwa kingine cha kampuni hiyo hiyo, i3200, kina matundu 3,200.

Upana wa tundu moja ni kama milimita 0.02. Ukitaka kufahamu udogo huo, twaa milimita moja ya rula yako uigawe mara 50. Unywele wa mtu ni mnene kuliko tundu hilo. Tone litokalo humo nalo ni dogo sana, hata tone moja la dawa ya macho lingeweza kugawanywa kuwa mamilioni ya matone ya namna hiyo. Basi si ajabu kwamba chembe moja ya vumbi, ambayo hatuioni kwa macho, yatosha kabisa kuziba mlango wa tundu.

Tone hutupwaje? Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, walionyesha kwamba fuwele za namna fulani zikibanwa hutoa umeme. Mwaka uliofuata ikathibitika kwamba kinyume chake pia ni kweli: zikipewa umeme, hubadili umbo lake kidogo. Nguvu hiyo huitwa piezo. Ndani ya kichwa, nyuma ya kila tundu, kipo chumba kidogo kilichojaa wino, na ukuta wake mmoja umeungana na kipande cha piezo. Umeme ukija, kipande hicho hujikunja, ukuta husukumwa, na tone hutoka. Umeme ukikatika, ukuta hurudi na chumba hujaa tena. Jambo hili hutendeka mara maelfu kwa sekunde moja.

Vipo vichwa vingine visivyotumia piezo bali joto. Ndani yake wino huchemshwa kwa kitambo kidogo sana, povu hutokea, na povu hilo husukuma tone nje. Vichwa hivyo hupatikana zaidi katika printa za ramani na michoro zitumiazo wino wa maji. Katika makala haya tutasema zaidi juu ya vile vya piezo, maana ndivyo vilivyo katika printa nyingi za mabango.

SABABU ZA KUZIBA

Ziko sababu nne zinazojulikana sana.

Kwanza, wino kukauka. Wino ni rangi iliyochanganywa na kimiminika. Kimiminika kikigeuka mvuke na kwenda zake, rangi hubaki na kugandamana mdomoni mwa tundu. Ndiyo sababu printa ina kifuniko chenye mdomo wa mpira na sponji ndani, ambacho hukaza uso wa kichwa wakati wa mapumziko ili hewa isipite. Mpira huo ukichafuka au ukipasuka, kichwa hukauka usiku kucha hata kama printa imefungwa vizuri.

Pili, vumbi. Wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, vumbi la barabarani huingia dukani kwa mlango na dirisha. Tena hewa ikiwa kavu, plastiki ikisuguana hupata umeme tuli, ikavuta vumbi na nyuzi kama vile rula iliyosuguliwa nyweleni ivutavyo vipande vya karatasi.

Tatu, kuchanganya wino wa aina mbili. Wino wa kampuni moja ukikutana na wa nyingine ndani ya mpira au ndani ya kichwa, huweza kuganda kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Mtu atakaye kubadili wino hana budi kuusafisha mfumo wote kwanza.

Nne, wino kukaa mno bila kutumika. Rangi iliyo nzito hushuka chini, na hasa wino mweupe, ambao rangi yake ni nzito kuliko nyingine.

KUJUA KABLA YA KUTENDA

Mistari myeupe si kila mara dalili ya tundu lililoziba. Kila printa ina jaribio lake la matundu: huchora vistari vidogo vingi, kila kistari kwa tundu lake. Yafaa fundi apige jaribio hilo mara tatu, aandike saa juu ya kila karatasi, kisha azilaze sambamba na kuzilinganisha. Karatasi hizo zitamwambia mambo haya.

1. Pengo likiwa mahali pale pale katika karatasi zote tatu, tundu hilo limeziba kwa wino mkavu au uchafu. Hapo kusafisha kwaweza kufaa.

2. Mapengo yakihama, leo hapa na kesho pale, aghalabu ni hewa iliyoingia. Wino haubaniki, lakini hewa hubanika. Kwa hiyo ukuta ukisukuma chumba chenye hewa, nguvu yote huishia katika hewa, na tone halitoki. Ni kama breki za gari zilizoingia hewa: dereva hukanyaga na gari halisimami. Hapo kusafisha zaidi hakusaidii, na pengine kwazidi kuvuta hewa. Tazama kifuniko, pampu na maungio ya mipira ya wino.

3. Jaribio likiwa zuri, lakini bango likianza vizuri kisha rangi ikafifia kadiri kazi inavyoendelea, kichwa hakikuziba, kina njaa. Wino haumfikii kwa kasi ya kutosha. Tazama dampa, yaani kijisanduku kidogo chenye chujio kilichopo juu ya kichwa. Chujio lake huziba, na dampa mpya bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na kichwa.

4. Rangi moja nzima ikipotea kwa ghafula, haielekei kwamba matundu yote 180 yameziba kwa saa moja. Tazama kwanza kama chupa ya wino ina wino, kisha mpira uliokunjika, kisha dampa, kisha kifuniko. Vyote vikiwa vizima, huenda hitilafu ni ya umeme katika waya bapa au katika kichwa chenyewe.

5. Vistari vikiwapo lakini vimepinda, tundu liko wazi ila mdomo wake una uchafu, na tone hutoka upande.

Mtu aliyefanya uchunguzi huu kwa robo saa huokoa wino mwingi, na mara nyingine huokoa kichwa.

KUZIBUA KWA HATUA

Ikiwa uchunguzi umeonyesha kwamba kweli matundu yameziba, fuata hatua hizi kwa utaratibu, kuanzia iliyo nyepesi. Usiiendee hatua ya mbele kama ya nyuma imetosha.

Hatua ya kwanza. Amuru printa ijisafishe yenyewe mara moja, kwa usafishaji mwepesi. Piga jaribio. Ikiwa kuna nafuu, rudia. Usipite mara tatu mfululizo. Ikiwa bado, iache ipumzike saa moja, maana wino mpya uliofika mdomoni huendelea kuyeyusha ule mkavu.

Hatua ya pili. Safisha vitu vinavyokizunguka kichwa. Futa mdomo wa mpira wa kifuniko na waipa kwa kijiti chenye sponji kilicholowa dawa ya kusafishia. Usitumie pamba, maana huacha nyuzi. Uso wa kichwa wenyewe usiguswe kwa kidole wala kwa kitambaa kikavu, kwa sababu chembe moja ya mchanga huukwaruza. Kisha jaza kifuniko dawa na uiamuru pampu ivute. Dawa ikishuka yote, pampu na mpira wake ni vizima. Ikibaki pale pale, njia ya uchafu ndiyo iliyoziba, na usafishaji wote uliotangulia ulikuwa bure.

Hatua ya tatu. Loweka. Jaza kifuniko dawa, rudisha kichwa juu yake, zima printa, uiache usiku mmoja. Hii ndiyo hatua iponyayo vichwa vingi, nayo ndiyo watu wasiyoipenda kwa sababu haionekani kama kazi. Wino mkavu huyeyuka kwa muda, si kwa nguvu, kama uji ulioganda sufuriani: ukiukwangua utaiumiza sufuria, lakini ukiutia maji na kuuacha, asubuhi hutoka wenyewe. Hata hivyo usiloweke siku nyingi, maana dawa kali huweza kulegeza gundi iliyounganisha sehemu za kichwa.

Hatua ya nne. Tumia bomba la sindano, bila sindano yenyewe. Hatua hii ni ya fundi mwenye mkono mwepesi. Zima printa na uchomoe waya wa umeme ukutani. Funika mbao za umeme kwa plastiki. Ondoa dampa, vika kipande cha mpira laini katika mlango wa wino wa kichwa, na upitishe dawa polepole, tone kwa tone. Ikiwa inakataa kupita, acha, loweka tena. Usisukume kwa nguvu. Ndani ya kichwa zimo kuta nyembamba sana zitenganishazo rangi na rangi, na zikipasuka hakuna fundi awezaye kuziunga. Bluu itaingia katika njano, na kichwa kimekufa.

Hatua ya tano. Kabla ya kuwasha printa, kausha kila kitu. Tazama hasa waya bapa na mahali unapochomekwa kichwani. Tone moja tu la dawa likiwa hapo wakati umeme unapoingia, huweza kuunguza kichwa na ubao mkuu wa printa pamoja.

Ikiwa baada ya hayo yote yamebaki matundu machache yasiyofunguka, si lazima kichwa kitupwe. Ipange printa ifanye kazi polepole, kichwa kipite mara nyingi zaidi juu ya mahali pale pale. Matundu mazima yatafunika pengo la yale mabovu. Kazi itachelewa, lakini bango la kutazamwa kutoka mbali litafaa.

DAWA ILINGANE NA WINO

Hapa ndipo wengi hukosea. Wino wa maji husafishwa kwa maji safi yaliyotoneshwa au kwa dawa yake ya maji. Wino wa mabango uitwao eko-solventi husafishwa kwa dawa ya jamii yake, nao ukikutana na maji huganda. Wino wa yuvi, ugandao kwa mwanga, una dawa yake mwenyewe, na kichwa chake hakifai kukaa karibu na dirisha, maana jua laweza kugandisha wino ndani ya tundu. Asetoni na tina ya rangi zisitumike, kwa kuwa hula gundi na mpira. Mtu asiseme, "Inayeyusha wino, basi inafaa." Swali si kama inayeyusha wino tu, bali ni kitu gani kingine inachoyeyusha.

UMEME UKIKATIKA

Katika mikoa yetu jambo hili lastahili kutajwa peke yake. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa hubaki nje, mbali na kifuniko chake, kikipigwa na hewa. Dakika chache si neno. Saa nyingi ni hatari. Kwa hiyo fundi asiende nyumbani na kuiacha printa hivyo. Azime swichi, kisha asukume kibebeo cha kichwa kwa mkono, taratibu, mpaka mahali pake. Katika baadhi ya printa kifuniko hupanda chenyewe kibebeo kinaposukumwa. Katika nyingine hupandishwa na mota, na hizo yafaa kusoma kitabu chake ili kujua namna ya kukipandisha kwa mkono. Mwenye uwezo anunue betri ya akiba ya kuihudumia printa hata kwa dakika kumi. Hizo zatosha kumaliza mstari na kukirudisha kichwa mahali pake.

USALAMA

Dawa hizi hutoa mvuke unaoumiza kichwa na kifua, tena huwaka. Fungua madirisha, vaa glovu na miwani, wala usiwashe moto wala sigara karibu. Wino mchafu usimwagwe mtaroni. Mji wa Musoma hunywa maji ya Ziwa Victoria, na mitaro ya mji huelekea ziwani. Uchafu huo uwekwe katika chombo chenye kifuniko na kutolewa kwa utaratibu wa halmashauri.

KUZUIA NI RAHISI KULIKO KUPONYA

Mambo ya kila siku ni machache. Asubuhi piga jaribio la matundu kabla ya kazi ya kwanza, na uiweke karatasi yake katika faili. Siku isiyo na kazi, piga picha ndogo yenye rangi zote, ili wino utembee. Jioni futa mdomo wa kifuniko na waipa. Funika printa kwa shuka safi. Futa sakafu kwa kitambaa kilicholowa, usiifagie, maana ufagio hurusha vumbi juu. Wino ununuliwe kwa kiasi, na tarehe iliyoandikwa chupani isomwe. Kazi hizi zote hazichukui nusu saa.

Wako wanafunzi wenzetu watakaomaliza Kidato cha Nne na kutafuta kazi ya mikono. Maduka ya mabango yapo, printa zipo, lakini mafundi wa kuzitengeneza ni wachache, na mwenye duka la Bunda au Musoma akiharibikiwa huweza kumngoja fundi kutoka mbali. Kazi hii haitaki misuli. Inataka mtu ajuaye kwa nini kimiminika hukauka, kwa nini hewa hubanika, na kwa nini maji hayachangamani na kila kitu. Kisha awe na subira ya kuilaza mashine usiku mmoja ingawa mteja amesimama mlangoni. Mwenye haja ya kujifunza na aanze na karatasi tatu za jaribio, azisome vizuri kabla ya kushika bomba.